"Shule Bora" ni Bora kwa Nani?

Wiki hii sina stori za boom wala za foleni ya kafeteria. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na hili neno tunalolitupa ovyo: "shule bora".

Muulize mtu yeyote hapa chuoni shule fulani ya msingi ikoje. Atakujibu, "Aaah, ile noma, inafaulisha asilimia 98." Basi, imeisha. Hakuna anayeuliza hiyo asilimia imepigwa kwa watoto wangapi, wangapi waliachwa njiani, na hao waliobaki wanaipenda shule au wanaamka kila siku na hofu ya fimbo. Msimamo wangu ni huu: kuipima shule ya msingi kwa matokeo ya darasa la saba peke yake ni kujidanganya, na anayelipia huo uongo ni mtoto wa dawati la nyuma.

Tuanze na hizo asilimia. Mwaka 2013 serikali ilileta Matokeo Makubwa Sasa, ule mpango wa BRN, na ndani yake shule za msingi zikapangwa hadharani kwa ufaulu wa darasa la saba, ya kwanza mpaka ya mwisho. Wachumi watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, wakafuatilia kilichotokea. Shule zilizokuwa mkiani kweli zilipandisha ufaulu. Ila idadi ya watoto waliofanya mtihani kwenye shule hizo ikapungua! Mmeuona mchezo? Ukimwondoa asiyejua kusoma kabla ya siku ya mtihani, asilimia inapanda yenyewe, hata chaki hujashika. Shule inapigiwa makofi, mtoto yuko stendi anauza karanga.

Na hata kwa wale waliomaliza, tusishangilie haraka. Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba mwaka 2010 walikuta kama mtoto 1 kati ya 5 waliomaliza darasa la saba hawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kiswahili jamani, sio Kichina! Miaka saba mtu yuko darasani, na kwenye hiyo miaka saba wakaguzi walikuwa wanapita. Walikuwa wanakagua nini?

Nadhani najua. Muhula uliopita tulipewa kazi twende shule ya msingi tukajaze dodoso la ubora wa ufundishaji. Shule siitaji. Kwenye makaratasi kila kitu kilikuwa safi: azimio la kazi lipo, andalio la somo lipo, limesainiwa na kugongwa mhuri. Darasa la pili lilikuwa na watoto zaidi ya mia, mwalimu mmoja, wakati kiwango cha serikali ni watoto 45. Mwalimu anasema, watoto wanaitikia kama kwaya. Dodoso likauliza: "Wanafunzi wanashiriki somo?" Tiki. Somo lilipoisha nikachuchumaa kwa dogo mmoja wa nyuma kabisa, nikamwomba anisomee sentensi iliyokuwa bado ubaoni. Akanitazama, akatazama fimbo iliyoko mezani kwa mwalimu, akanyamaza. Dodoso letu zima halikuwa na hata swali moja la kumuuliza yeye.

Sasa nawajua nyie, kuna watakaosema, "Ustawi wa mtoto ni mambo ya wazungu, sisi tulichapwa na chuo tumefika." Sawa, sisi tumefika. Waliochapwa wakaacha shule hawapo hapa kafeteria kutujibu, ndio maana hoja yenu inaonekana tamu. Halafu kanuni zetu wenyewe za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4, achape mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Wangapi kati yenu mliwahi kukiona hicho kitabu? Agosti 2018 huko Kagera mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, akituhumiwa kuiba mkoba. Niambieni, asilimia ya ufaulu ingetuonya vipi kuhusu shule ya namna hiyo?

Bado njaa. Bado choo: kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, nenda shule yoyote ya mtaani kwenu ukahesabu mwenyewe. Binti akikosa pa kujisitiri anabaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi, halafu tunamwita mtoro.

Msije mkasema nawaponda walimu. Mwalimu mwenye watoto mia hata angekuwa malaika hawezi kusahihisha madaftari yote. Tangu ada ifutwe shule za msingi mwaka 2002, na michango ikafuata mwaka 2016, watoto wamefurika, jambo jema sana, lakini madarasa na walimu havikufurika nao. Kumpima huyo mwalimu kwa asilimia bila kuhesabu watoto aliopewa ni uonevu uleule.

Cha kuudhi ni kwamba kwenye karatasi tumeshajirekebisha. Ukaguzi umegeuka "uthibiti ubora", na mwongozo wa mwaka 2017 unataka waangalie pia mazingira ya shule, ustawi, afya na usalama wa mtoto. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani nalo likatangaza kuacha kutaja shule bora. Safi! Ila mabango ya ufaulu bado yananing'inia kwenye mageti, na wazazi bado wanachagua kwa hayo hayo. Ugonjwa umebaki kwetu.

Ninachotaka mimi hakihitaji mfadhili. Moja, kila mtoto wa darasa la pili asome hadithi fupi peke yake mbele ya mtathmini, sio kwaya, na waliokwama wahesabiwe. Mbili, watoto waongee bila mwalimu kuwepo, waseme wanaogopa nini na wamekula nini. Tatu, hicho kitabu cha adhabu kifunguliwe. Nne, walioanza darasa la kwanza wahesabiwe dhidi ya waliofika la saba, na shule ieleze wengine wako wapi. Tano, ripoti isomwe kwenye mkutano wa wazazi, kwa Kiswahili cha kueleweka, sio ifungiwe kabatini wilayani.

Wenzangu wa ualimu, miaka michache ijayo ni sisi tutakaokuwa wakuu wa shule na wathibiti ubora, na hayo mafomu ni sisi tutakaoyajaza. Tukiendelea kuweka tiki pale andalio la somo lilipo na kupita, tusije kulialia kwamba tunaletewa kidato cha kwanza wasiojua kusoma.

Haya, wa kubisha karibuni. Ila anayekuja na "mbona sisi tulitoboa", ajibu kwanza: darasa la kwanza mlikuwa wangapi, na wako wapi?