WAMETOKA, AU WAMESEMA WATATOKA?

Mwezi wa Desemba 2025 jina la Uvira lilitajwa asubuhi na jioni katika redio za dunia nzima. Watu wasiojua kama mji wetu uko mlimani au ziwani walianza kutueleza habari zetu wenyewe. Hatuchukii kutajwa. Tunalolalamikia ni kwamba neno moja, yaani "wameondoka", liliandikwa na kusomwa mwezi mzima kabla halijawa kweli. Neno hilo kwa msomaji wa Ulaya ni habari tu. Kwa mama aliyelala chini ya turubai upande wa pili wa Ruzizi, na kwa mfanya kazi anayetaka kujua kama barabara ya kurudi kwao imefunguka, ni jambo la kufa na kupona.

Basi tuyapange mambo kwa tarehe, kama ipasavyo karani.

Tarehe 4 Desemba 2025 Rais Tshisekedi na Rais Kagame walithibitisha mapatano yao mjini Washington mbele ya Rais Trump. Siku zile zile vita vilikuwa vikishuka katika bonde la Ruzizi: Kamanyola, Luvungi, Sange, Kiliba. Tarehe 10 Desemba M23 na wenzao wa AFC walikuwa ndani ya Uvira, mji uliokuwa makao ya serikali ya Kivu ya Kusini tangu Bukavu ilipotekwa mwezi wa Februari. Serikali ya jimbo ilisema watu zaidi ya 400 waliuawa kati ya Kamanyola na Uvira. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilihesabu watu zaidi ya 80,000 walioingia Burundi mwezi ule, na wengi wakapelekwa Busuma, mahali pasipo nyumba wala maji ya kutosha. Marekani ikasema wazi kwamba Rwanda imevunja mapatano. Rwanda ikawatupia lawama majeshi ya Kongo na ya Burundi. Ndipo usiku wa tarehe 15 Desemba Bwana Nangaa, mkubwa wa AFC, akatangaza kwamba watu wake wataondoka Uvira kwa ombi la Marekani.

Hapa ndipo twataka msomaji asimame kidogo. Tangazo lile lilikuwa na masharti. Lilitaka mji usiwe na majeshi, watu na mali vilindwe, na kikosi kisicho cha upande wowote kije kusimamia. Lakini lilipokuwa likisafiri kutoka redio hadi redio, na kutoka simu hadi simu, masharti yalidondoka njiani kama mahindi kutoka gunia lililotoboka. Kilichofika sokoni ni maneno mawili tu: M23 wameondoka. Kesho yake serikali ya Kinshasa ikasema ni hila ya kuwapumbaza Wamarekani, ikauliza ni nani atakayehakikisha, walikuwa wangapi, na wanakwenda wapi. Maswali yale yalikuwa mazuri. Twasema hivyo bila kuipamba serikali, maana ni maswali ambayo kila mwandishi wa habari alipaswa kuyauliza kabla ya waziri.

Tarehe 17 Desemba wakatangaza kuwa wameanza kutoka. Tarehe 18 wakatangaza kuwa wamekwisha kutoka. Waliokuwa mjini walisema jambo jingine: askari wengine walipanda magari mbele ya watu, lakini polisi wao walibaki, na watu wenye silaha waliendelea kuonekana. Ikapita Noeli, ukapita mwaka mpya. Ni katikati ya Januari 2026 walipoondoka kweli, na tarehe 18 Januari askari wa serikali na Wazalendo wakaingia. Hesabuni wenyewe: tangu siku ya "tumekwisha kutoka" hadi siku ya kutoka ni mwezi mmoja kamili.

Sisi tunaoandika madaftari machimboni tuna desturi moja ambayo wakubwa wa magazeti wangeweza kuiazima bila malipo. Gunia la madini haliandikwi "limetoka" kwa sababu dereva amesema atalichukua. Wala haliandikwi kwa sababu lori limewasha moto. Laandikwa likiisha kupimwa, likapita mlangoni, na mtu aliyeliona akatia sahihi yake pamoja na saa. Karani akiandika kinyume cha hayo, mwisho wa mwezi atatafutwa yeye, si dereva. Je, yule aliyeandika "M23 waondoka Uvira" mwezi wa Desemba, nani alimtafuta?

Wala wasiseme kwamba hawakuwa na mfano wa kuwaonya. Mwezi wa Novemba 2012 M23 waliingia Goma, na tarehe 1 Desemba wakatoka mbele ya macho ya dunia; lakini walisogea vilima vichache tu, na vita vikaendelea karibu mwaka mzima. Tarehe 23 Desemba 2022 walikabidhi Kibumba kwa kikosi cha Afrika ya Mashariki, kwa sherehe na picha. Jeshi la Kongo likasema huo ni udanganyifu. Januari 2023 ikawa zamu ya Rumangabo, kwa sherehe nyingine na picha nyingine. Yaani kutoka mbele ya kamera kumekuwa kazi yenye ufundi wake.

Walikale twaikumbuka zaidi sisi watu wa machimbo. Mwezi wa Machi 2025, M23 walipoielekea Walikale, mgodi wa Bisie ulisimamishwa na wafanya kazi wakaondolewa. Mgodi ule peke yake hutoa karibu asilimia 6 ya bati la dunia, kwa hiyo bei ya bati ikapanda huko London, na magazeti ya fedha yakaandika kurasa na kurasa. Tarehe 22 Machi likatoka tangazo la kuondoka. Kisha likarudishwa nyuma, kwa sababu ya ndege za serikali zisizo na rubani, ndivyo walivyosema. Waliondoka siku za kwanza za Aprili, na mgodi ukaanza tena mwezi ule ule. Mtazame jambo hili, ndugu: magazeti ya fedha hayakukosea tarehe. Mwenye kununua bati alihitaji kujua siku hasa ambayo gari litapita, naye alijulishwa. Basi uwezo wa kuhakikisha upo. Swali ni unatumika kwa ajili ya nani.

Wazee wetu nao waliyaona. Tarehe 14 Julai 1960 Baraza la Usalama liliitaka Ubelgiji iondoe askari wake katika Kongo. Waliondoka polepole, na huko Katanga maofisa wao wengi wakabaki kama "washauri" na kama wakubwa wa jeshi la Tshombe, karibu na mashaba ya Union Minière. Ikalazimu mwezi wa Februari 1961 Baraza hilo lifungue kinywa tena, mara hii likiwataja na washauri, na wenye silaha wasio askari rasmi, na watu wa kukodiwa. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa limejifunza kwamba mtu aweza kuvua gwanda bila kutoka nyumbani mwa watu. Somo la 1961 lilikuwa limeandikwa. Waandishi wa 2025 hawakulisoma.

Hata hivyo hatutaki kuwaonea waandishi. Wengine walikimbia pamoja nasi wakiwa na watoto wao mgongoni. Na tuseme kweli yote: pande zote za ziwa hili zimefanya kazi kubwa ya kuzima taa, halafu zalalamika kwamba ni giza. Mwezi wa Januari 2025 Kinshasa iliisimamisha Al Jazeera kwa kumhoji mkubwa wa M23, na Waziri wa Haki wa wakati ule, Bwana Mutamba, akatishia hata hukumu ya kifo kwa watakaotangaza habari za adui. Rwanda ilikwisha kuyafunga matangazo ya BBC ya Kinyarwanda mwaka 2014. Burundi iliwafungia BBC na Sauti ya Amerika mwaka 2018, na mwaka 2019 ikakaza kamba zaidi. Mwezi wa Machi 2025 Marekani yenyewe, hii iliyojitwalia kazi ya kupatanisha, iliizima Sauti ya Amerika kwa mkono wake, na wazee waliozoea kuketi jioni na idhaa ile ya Kiswahili wakabaki wakizungusha vifungo vya redio. Askari wa MONUSCO nao walikuwa wamekwisha kuondoka Kivu ya Kusini tangu Juni 2024, kwa matakwa ya serikali yetu. Basi mwezi wa Desemba palipotakiwa mtu wa kusimama Kavimvira na kusema "nimeona kwa macho yangu", hapakuwa na mtu wa kusadikiwa na pande zote. Radio Okapi ilijitahidi, nasi twaishukuru, lakini redio moja haiwezi kuwa macho ya bonde zima.

Pengo lile likajazwa na simu. Kila mtu akawa mhariri. Video ya lori la mwaka jana ikaitwa lori la leo. Na hapa hatuwezi kuwatupia wageni mzigo, maana vidole vilivyosambaza vilikuwa vyetu.

Mwezi wa Januari majeshi yalipobadilishana mji, maduka yalivunjwa, nyumba na makanisa yakaporwa, na mali ya Wanyamulenge ikalengwa kwanza. Magazeti mengine yaliandika "mji umekombolewa" na kufunga ukurasa. Mengine, ya upande wa pili, yaliandika uporaji peke yake, kana kwamba mauaji ya bonde la Ruzizi ya mwezi uliotangulia hayakutokea. Sisi twakataa yote mawili. Habari ya kutoka kwa jeshi si kamili mpaka msomaji aambiwe nani aliingia, saa ngapi baadaye, na nini kilitendeka katika saa zile za katikati. Saa za katikati ndizo zinazomaliza watu.

Twasema neno moja zaidi, tukijua halitawapendeza wengine kati yenu. Mwezi wa Septemba 2025, kabla ya M23 kufika, watu waliandamana na wengine wakauawa hapa Uvira kwa ajili ya Jenerali Gasita, ofisa wa jeshi la Kongo, aliyekataliwa na Wazalendo. Walisema yu pamoja na adui. Serikali iliyomtuma ilisema ni askari wake mwaminifu. Kabila lake lilitajwa kuliko kazi yake. Mwandishi anayeandika "Wanyamulenge" mahali panapotakiwa "M23", au asemaye "Warwanda" na kumaanisha jirani yake wa Mulongwe, anajua vizuri afanyacho. Twakumbuka Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, walio wengi Wanyamulenge, walivyochinjwa na kuchomwa katika kambi iliyo hatua chache kutoka mpaka wetu. Kulaumu serikali ya Kigali kwa askari wake ni haki yetu, na hatutaiacha. Kumhesabu mwalimu wa shule au mchunga ng'ombe kuwa kikosi ni jambo lingine kabisa, na gazeti hili halitaliandika.

Twawaomba wenye magazeti, wakubwa kwa wadogo, mambo machache yasiyohitaji fedha. Mkitangaza kuondoka, semeni ni tangazo, na mtaje aliyelitoa. Masharti yasiachwe. Semeni wametoka wapi hadi wapi, maana kutoka Uvira kwenda Luvungi au Kamanyola si kutoka bondeni. Na mkikosea, semeni mmekosea mahali pale pale mlipoandika kosa, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Nanyi ndugu mlioko machimboni na mijini, mnaotuletea habari za barabara: mwandike siku mliyopita, mahali mlipofika, na mlichokiona kwa macho. Kama uliishia Kiliba, andika Kiliba. Ya Sange mwachie aliyefika Sange.