Mwenzetu Ameteuliwa Waziri. Haya, Kisha?



Kila Mwislamu akiteuliwa waziri, simu zetu hujaa "MashaAllah, mwenzetu ameingia." Mimi pia nimetuma sana hizo. Lakini kabla hujatuma nyingine, hebu tuangalie hapa jirani Uganda, maisha ya Jenerali Moses Ali.

Ni Mwislamu wa Adjumani, kule West Nile, na alikuwa afisa wa jeshi la Idi Amin. Januari 1975 waziri wa fedha, Emmanuel Wakhweya, alitorokea London. Hazina ikaishia mikononi mwa mwanajeshi, Moses Ali. Lakini hazina gani? Wahindi walishafukuzwa 1972, maduka yao yakagawiwa watu ambao raia waliwaita "mafuta mingi". Biashara iliyokuwa hai ni magendo. Bei ya kahawa ilipopanda baada ya baridi kuharibu mashamba ya Brazil 1975, kahawa ya Uganda ilivushwa kimagendo mpaka Chepkube, huku kwetu Kenya. Wazee wa Bungoma watakuhadithia vizuri kunishinda.

Mtasema, ah, waziri mmoja angefanya nini mbele ya Amin? Sawa. Lakini mambo yaliharibika mapema. Septemba 1972 Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alichukuliwa na watu wa Amin pale pale mahakamani, hakuonekana tena. Sasa kama jaji mkuu anabebwa hivyo, waziri analindwa na nani? Na kweli, 1978 Amin alimgeukia Moses Ali, akamtimua.

Amin akaanguka 1979. Waliokuja baadaye wakawalipizia kisasi watu wa West Nile wote, mwenye hatia na asiye na hatia. Maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Sisi tunaoijua Wagalla ya 1984 hatuhitaji kuelezewa adhabu ya aina hiyo. Moses Ali akaongoza waasi wa UNRF, kisha akaingia serikali ya Museveni. 1990 akakamatwa, akashtakiwa, akawekwa ndani.

Hapo ndipo panaponigusa. Safari hii kulikuwa na mahakama, kulikuwa na mawakili, na alitoka akiwa hai. (Sisemi serikali ya Museveni ni malaika, msinishike hapo.) Baadaye akawa Naibu Waziri Mkuu. Na mzee huyu, jenerali mzima aliyewahi kushika pesa za nchi, akaingia Makerere kusomea sheria. Sheria, si uchumi.

Kwa hivyo mwenzetu akiteuliwa tena, hongera nitampa, ni haki yake. Lakini ujumbe wangu wa kwanza kwake utakuwa ni majina ya vijana wetu waliochukuliwa usiku na mpaka leo mama zao hawajui walipo. Nitamuuliza kama atayataja kwenye kikao cha mawaziri. Wewe utamtumia nini?