Nani Amemwachisha Bibi Kazi?

Watetezi wa akili unde (wengine husema akili mnemba, wengine akili bandia, ugomvi wa jina haujesha na mashine haingojei) wana mfano wanaoupenda kuliko yote. Bibi yuko sebuleni Muscat, anazungumza Kiswahili. Mjukuu amekaa pembeni yake, anajua Kiarabu cha shule na Kiingereza cha michezo ya simu. Zamani, wanasema, wawili hao wangeishia kutabasamiana. Leo simu inawekwa mezani baina yao: bibi anasema lake, simu inalitoa kwa Kiingereza, mjukuu anajibu, simu inalirudisha kwa Kiswahili. Ukuta umeanguka. Nani mwenye moyo atalipinga hilo?

Linapingika, kwa sababu limejengwa juu ya uongo mdogo. Wawili hao hawakuwa wakiishia kutabasamiana.

Familia nyingi za Waomani wenye asili ya Unguja, Pemba na bara zilikwenda Oman baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na nyingine baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani wa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Walifika na Kiswahili chao, wakakuta Kiarabu ndiyo lugha ya ofisi na ya shule. Kiswahili kikabaki jikoni, ukumbini na kwenye kanga. Hakikuwa na wizara ya kukilea wala mtaala wa kukifundisha. Kilikuwa na bibi, na bibi alikifanyia kazi zote: mwalimu, msahihishaji na msimamizi wa mtihani.

Kazi hiyo ilikuwa na namna yake. Mtoto aliambiwa alete mbuzi, akasimama mlangoni akitafuta mnyama, nyumba nzima ikacheka. Tangu siku hiyo hakusahau kwamba mbuzi ni pia kile kigoda chenye meno ya chuma cha kukunia nazi. Alisema "kitabu yangu" akakatizwa kabla hajamaliza. Aliingia bila shikamoo akarudishwa nje aingie upya. Alichoka, alinuna, mara nyingine alikimbia. Lakini alikuwa anafanyiwa kazi na mtu, na yeye, kwa kukosea na kurudia, alikuwa anamfanyia mtu huyo kazi pia: alimpa bibi sababu ya kuamka na mamlaka ndani ya nyumba ambamo kila jambo jingine, kuanzia runinga hadi dawa zake mwenyewe, lilikuwa limeshaandikwa kwa lugha asizozisoma.

Simu inasamehe kila kosa kabla halijasikika. Mjukuu anasema chochote, kwa adabu au bila adabu, na kinachomfikia bibi ni Kiswahili kilichopigwa pasi. Hana pa kukatiza. Hana cha kucheka. Ameachishwa kazi bila barua wala kiinua mgongo, na juu ya hayo anatarajiwa ashukuru kwa sababu sasa "anaelewana" na wajukuu.

Wasomi watajibu kwamba mkono wa tatu si mgeni katika mapenzi ya Waswahili. Katika miji ya pwani asiyejua kuandika alimwendea anayejua. Mwenye harusi, kesi au uchungu wa kuachwa alimwomba malenga amtungie. Kama barua ya mume aliyeko safarini iliweza kuandikwa na karani, kwa nini isiandikwe na programu? Hoja hii ni nzito kuliko ile ya ukuta, nayo inastahili jibu. Karani alikuwa mtu wa mtaa. Aliijua siri, na kwa kuijua akafungwa nayo: akiitoa, angeaibika pale pale anapoishi. Aliweza kuuliza, "Una hakika unataka kumwambia hivi?" Aliweza kukataa. Aliyemwendea alilazimika kutamka mbele ya uso wa binadamu jambo alilotaka liandikwe, na kutamka huko kulikuwa nusu ya barua. Mashine haina mtaa, kwa hiyo haina haya, na Waswahili wanajua mtu asiye na haya hupewa kazi gani nyumbani.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu na mwaka 1858, unaanza kwa mama mgonjwa kumwita binti yake asogee, alete wino na karatasi. Wahakiki wamebishana juu ya mafunzo yaliyomo, hasa utiifu wa mke kwa mumewe, na wana haki ya kubishana. Kinachohusu hapa ni ule mwito wa mwanzo. Binti anapewa kazi kabla ya kupewa wasia. Lazima aje, akae karibu ya kitanda, aandae vifaa. Leo wasia wenye beti zaidi ya mia unaweza kutolewa na programu kwa dakika chache. Na hata kama vina vyote vingesimama wima, hakuna ambaye angehitaji kuitwa asogee.

Mashariki na magharibi watu wameanza kuhisi kasoro hii, ingawa wanaitaja vibaya. Februari 2023, baada ya mauaji ya risasi katika chuo kikuu cha Michigan State, ofisi moja ya chuo kikuu cha Vanderbilt iliwatumia wanafunzi ujumbe wa kuwafariji ulioandikwa kwa msaada wa ChatGPT, ikalazimika kuomba radhi. Mwaka 2024, wakati wa Olimpiki ya Paris, Google iliacha kurusha tangazo lake la televisheni ambamo baba anaiomba Gemini imsaidie bintiye mdogo kumwandikia barua mwanariadha anayempenda. Walalamikaji wengi walisema maneno ya mashine si asilia. Kwa Waswahili, uasilia haujapata kuwa shida. Maneno ya msibani ni yale yale siku zote: poleni, tumuombee, sote ni wa njia hiyo. Hakuna anayesifiwa kwa kubuni jipya. Anayekumbukwa ni aliyekuja, akaketi mkekani, akateka maji, akapika.

Na hapo ndipo ughaibuni panapouma. Aliye Leicester au Minneapolis hawezi kubeba jeneza Mombasa. Sehemu ya kazi ya msiba iliyobaki mikononi mwake ni sentensi yake tu, ile anayoiandika, akaifuta, akaiandika tena kwa Kiswahili kinachomponyoka. Akiikabidhi mashine hata hiyo, amebaki na kazi gani katika ukoo? Kutuma pesa. Ujumbe wa sauti wenye kigugumizi na makosa ya ngeli ungefaa zaidi kuliko tanzia ya kurasa mbili.

Kuna mahali mashine ikaribishwe. Mtoto wa miaka 10 kukalimani baina ya mama yake na daktari wa Uingereza juu ya maradhi ya tumbo la uzazi hakukuwa upendo. Kulikuwa mzigo, na fedheha kwa wote wawili. Fomu za kodi nazo hazina ukoo.

Lakini sebuleni hakuna daktari. Lawama ya sebuleni haiwaendei wahandisi wa California, ambao hawajui mbuzi wala kigoda. Inawaendea walio katikati, wenye miaka 40 na 50, wanaokijua Kiswahili vizuri na hawakisemi na watoto wao. Kwa miaka mingi walisema, "Bibi yao atawafundisha." Sasa wanasema, "Simu itawatafsiria." Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 ameshavuka 80. Kiswahili kilichomo ndani ya simu kimekusanywa zaidi kutoka maandishi, na Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi vimeandikwa kidogo mno. Bibi huyo akishazikwa, mjukuu ataendelea kuzungumza na simu kwa Kiswahili kizuri, na hapatakuwa na mtu nyumbani wa kumwambia kwamba bibi yake hakusema hivyo.