Neno la Mhariri: Waliochekwa na Borat

Usiku wa Septemba 7, 2006, ukumbi mmoja wa tamasha la filamu la Toronto ulifurika watu waliokuja kuona filamu iliyokuwa imeshawagombanisha wengi kabla haijaingia sokoni. Mhusika wake mkuu, Borat Sagdiyev, ripota wa kubuni wa televisheni ya Kazakhstan, aliwasili juu ya mkokoteni uliovutwa na wanawake waliovalishwa kama wakulima wa kijijini. Filamu ikaanza, watu wakaanza kuvunjika mbavu, na baada ya muda mfupi mashine ya kuonyeshea ikagoma. Michael Moore, mtengenezaji filamu maarufu wa Marekani aliyekuwa ukumbini, alipanda hadi chumba cha mitambo kujaribu kusaidia, lakini wapi. Watazamaji wakaondoka na kipande tu cha filamu, nayo ikaonyeshwa yote usiku uliofuata. Hakuna tangazo la kulipiwa ambalo lingewatia watu hamu kuliko hitilafu ile.

Toleo hili linahusu vichekesho vinavyokera. Borat imepewa nafasi ya kufungua mjadala kwa sababu ni mfano mzuri wa filamu iliyohukumiwa mapema, kwa sauti kubwa, na kwa kiasi kikubwa kwa kosa lisilo lake kuu. Kelele zilipigwa upande mmoja, walioumia wakawa upande mwingine.

Iliyolia kwanza ilikuwa serikali ya Kazakhstan. Novemba 2005 Sacha Baron Cohen, mchekeshaji Mwingereza aliyembuni Borat, aliendesha hafla ya tuzo za muziki za MTV mjini Lisbon akiwa ndani ya uhusika huo. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Kazakhstan akatangaza kwamba nchi yake inaweza kwenda mahakamani. Jibu lilitoka kwa Borat mwenyewe: hana uhusiano wowote na huyo Bwana Cohen, na anaiunga mkono kikamilifu serikali yake imshitaki Myahudi huyo. Baron Cohen mwenyewe ni Myahudi. Desemba, anwani ya mtandaoni ya Borat iliyoishia na herufi za Kazakhstan ikafutwa.

Septemba 2006 Rais Nursultan Nazarbayev alikwenda Washington kuonana na George W. Bush, na kurasa nzima za kuinadi Kazakhstan zikalipiwa katika gazeti la New York Times. Borat akaitisha mkutano na waandishi mbele ya ubalozi wa Kazakhstan mjini Washington, akadai kwamba habari za nchi yake kuheshimu wanawake na dini zote ni uzushi uliosambazwa na Wauzbeki. Kisha akaenda hadi geti la Ikulu ya Marekani kumwalika Bush kwenye filamu. Walinzi hawakumfungulia. Serikali yenye mafuta, urani na kituo cha kurushia vyombo vya angani cha Baikonur ilikuwa inashindana kwa maneno na mtu wa kubuni mwenye masharubu, na kila ilipojibu, yeye ndiye aliyepata picha za bure kwenye habari za jioni.

Kazakhstan yenyewe haimo katika filamu ile. Kijiji cha Borat kilipigwa picha Romania. Lugha anayoizungumza Baron Cohen kama Kikazakh kwa sehemu kubwa ni Kiebrania, na mwenzake Azamat, anayeigizwa na Ken Davitian, humjibu kwa Kiarmenia. Watu wawili wanasafiri Marekani nzima wakizungumza bila mmoja kuielewa lugha ya mwenzake. Utani huu haukumlenga Mkazakh hata kidogo. Ulimlenga mtazamaji wa Magharibi ambaye kwake Asia ya Kati ni mahali popote penye matope, punda na vikongwe, na angeletewa nchi yoyote isiyojulikana kwake angeikubali vilevile. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye bara lake limechorwa hivyo kwa miongo mingi na filamu ambazo hata hazikukusudia kuchekesha, hahitaji kuelezwa zaidi.

Studio ya 20th Century Fox nayo iliingiwa na hofu. Uchunguzi wa soko ulionyesha kuwa Wamarekani wengi hawakumjua Borat, ikapunguza idadi ya majumba ya kuanzia hadi 837. Filamu ilipotoka Novemba 3, 2006, iliingiza zaidi ya dola milioni 26 katika siku tatu, ikaishinda filamu ya Krismasi ya Disney iliyokuwa katika majumba zaidi ya 3,000. Wiki ya pili majumba yakaongezwa na mapato yakapanda. Iligharimu takriban dola milioni 18, na mwishowe ikakusanya zaidi ya milioni 260 duniani.

Wakosoaji waligawanyika, ila si kwa namna iliyotarajiwa. Shirika la Kiyahudi la Anti-Defamation League lilisema linaelewa kwamba Baron Cohen anadhihaki chuki dhidi ya Wayahudi, lakini lilihofu kuwa baadhi ya watazamaji wasingeng'amua mzaha, na wengine wangeona chuki yao imepata mwenzi. Hofu hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Mwandishi wa safu Charles Krauthammer aliandika katika Washington Post kwamba filamu inawaonea Wamarekani kwa kuwapaka rangi ya ubaguzi. Mwandishi Christopher Hitchens akaona kinyume chake: kilichomshangaza ni jinsi Wamarekani walivyomvumilia mgeni asiye na adabu hata kidogo.

Wote wawili wangeweza kuelekezwa kwenye mashindano ya rodeo, yaani ya kupanda farasi na fahali wakali, ya Salem, Virginia, yaliyopigwa picha mapema mwaka 2005. Borat anasimama katikati ya uwanja na kusema kwamba watu wake wanaunga mkono vita vya Marekani, na umati unashangilia. Anaongeza ukali, anataja damu ya wanawake na watoto wa Iraki, na shangwe bado zipo. Ni pale anapoimba wimbo wa kubuni wa Kazakhstan kwa tuni ya wimbo wa taifa la Marekani ndipo zomeazomea inapoanza. Katika dakika hizo chache mtazamaji anapimiwa kinachovumilika na kisichovumilika uwanjani pale, na kipimo hicho kinatisha kuliko hoja ya mkosoaji yeyote.

Wapo waliofunga milango. Urusi ilikataa kutoa kibali cha maonyesho, na karibu nchi zote za Kiarabu, isipokuwa Lebanon, hazikuiruhusu. Marufuku za aina hii hazina rekodi ya kujivunia. Kenya iliipiga marufuku filamu ya The Wolf of Wall Street Januari 2014, na ndipo hata wasioenda sinema walipotaka kujua kuna nini ndani yake.

Jamii zetu zina kipimo kinachofaa hapa, nacho ni utani wa jadi. Mtani anaweza kufika msibani akalala ndani ya kaburi lililochimbwa, akakataa kutoka mpaka wafiwa watoe chochote, na hakuna anayemkasirikia. Ana ruhusa hiyo kwa sababu siku msiba utakapokuwa kwake, waliotaniwa leo watafanya vilevile. Utani una zamu. Asiye na zamu ya kujibu hataniwi, anaonewa.

Kwa kipimo hicho, Kazakhstan ilipata zamu yake. Mwishoni mwa 2006 Nazarbayev, akiwa London, alisema filamu imetengenezwa na mchekeshaji, basi watu wacheke. Mwaka 2012 waziri wa mambo ya nje aliliambia bunge kwamba maombi ya viza yameongezeka mara kumi, akamshukuru Borat, ingawa mwezi mmoja kabla yake mwanamichezo wa Kazakhstan alipigiwa wimbo wa filamu ile badala ya wimbo wa taifa akiwa jukwaani nchini Kuwait. Mwaka 2020, filamu ya pili ilipotoka, bodi ya utalii ya nchi hiyo ilichukua kauli maarufu ya Borat ikaifanya tangazo lake.

Kijiji cha Glod, Romania, hakikupata zamu. Wakazi wake ni Waroma, watu maskini waliobaguliwa Ulaya kwa karne nyingi, na filamu iliwatumia kama watu wa nyumbani kwa Borat: wabakaji, wezi, watoaji mimba. Wanakijiji walisema waliambiwa inatengenezwa filamu ya hali halisi kuhusu maisha yao, wakalipwa fedha kidogo. Mzee mmoja asiye na mkono alifungwa kifaa cha ngono kwenye kigutu chake bila kujua ni nini. Studio ilijitetea kwamba ililipa na kukichangia kijiji. Wanakijiji wawili walifungua kesi New York wakidai dola milioni 30, na jaji akaona madai yao hayakufafanuliwa vya kutosha. Hawakulipwa fidia.

Hukumu ya gazeti hili ni kwamba Borat ni filamu yenye akili na inachekesha kwelikweli, na kwamba sehemu ya Glod ilikuwa uonevu. Makala zinazofuata zimeandikwa na waandishi wasiokubaliana juu ya mipaka ya mzaha, na hawakutakiwa wakubaliane. Wasomaji wanakaribishwa kutuma barua, hasa wale waliowahi kujiona kwenye skrini wakichekwa bila kuulizwa.