Sauti Hafifu ya Gitaa la Umeme: Kupima Hutangulia Kubadili

Mpigaji wa gitaa la umeme anapoona chombo chake kimefifia, yaani sauti imepungua nguvu hata amplifaya ikifunguliwa hadi mwisho, wazo la kwanza linalomjia ni kununua pikapu mpya. Fundi naye, kwa kutaka kumridhisha mteja, aghalabu huafiki. Pikapu ya zamani hutupwa, fedha hutoka, na mara nyingine baada ya siku chache maradhi yale yale hurejea, kwa kuwa kasoro haikuwamo ndani ya pikapu. Desturi hii yafaa ikomeshwe. Hasara ya fedha ni sehemu tu ya ubaya wake. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba humzoesha fundi kukisia mahali ambapo angeweza kujua.

Pikapu ni kifaa sahili. Msingi wake ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831, kwamba uga wa sumaku unaopita katika koili ya waya ukibadilika, umeme huzuka ndani ya waya huo. Mmarekani George Beauchamp aliitumia kanuni hiyo katika gitaa, akapewa hataza mwaka 1937. Tangu hapo umbo limebadilika, lakini kanuni ni ile ile. Ndani ya pikapu mna sumaku, na kuizunguka umesukwa waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.06 hivi, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma ulio juu yake hupata usumaku. Ukipigwa hutetemeka, na mtetemo huo hubadilisha uga unaopita katika koili. Uzi wa tano, ambao hutetemeka mara 110 kwa sekunde, huzalisha umeme unaogeuka mara 110 kwa sekunde. Umeme huo ni mdogo sana, sehemu tu ya volti moja, na ndio unaokuzwa na amplifaya. Katika mfululizo huo wote hamna siri. Kila hatua yaweza kuchunguzwa.

Uchunguzi wenye busara huanzia nje na kwenda ndani, kwenye vitu rahisi kabla ya vigumu. Kwanza ibadilishwe kebo, itumike nyingine iliyokwisha kuthibitika kuwa nzima kwa gitaa jingine. Kama gitaa ni la aina inayotumia betri ya volti 9, betri ipimwe. Kisha zitazamwe nyuzi. Nyuzi zilizozungushiwa bronzi, zilizokusudiwa gitaa lisilo la umeme, hutoa sauti dhaifu juu ya pikapu ya sumaku kwa kuwa bronzi haina usumaku. Mwisho utazamwe umbali baina ya pikapu na nyuzi. Nguvu ya sumaku hupungua upesi kadiri umbali unavyoongezeka, na skrubu mbili zilizolegea zatosha kuishusha pikapu hata gitaa zima likaonekana limezeeka. Bisibisi hulimaliza tatizo hilo kwa dakika moja. Hata hivyo pikapu isipandishwe kupita kiasi, kwani sumaku iliyo karibu mno huuvuta uzi na kuharibu ulinganifu wa sauti.

Haya yote yakishindwa, ndipo mita ya umeme inapohitajika. Hakuna haja ya kulifungua gitaa kwanza. Kebo nzima ichomekwe katika gitaa, kidhibiti cha sauti kifunguliwe hadi mwisho, swichi ichague pikapu moja tu, kisha nyaya mbili za mita ziguse ncha na shina la plagi iliyo upande wa pili. Pikapu ya koili moja kwa kawaida huwa na ukinzani wa omu 5,000 hadi 8,000. Kidhibiti cha sauti, ambacho katika magitaa ya namna hiyo mara nyingi ni cha omu 250,000, kimeungwa sambamba nayo, hivyo pikapu ya omu 6,000 itasomeka kama omu 5,860 hivi. Mita ikionyesha kiasi hicho, koili haikukatika, na njia kutoka kwenye koili hadi kwenye plagi imeungana.

Mita ikionyesha omu 250,000 au karibu na hapo, maana yake njia ni nzima hadi kwenye kidhibiti, lakini koili imekatika au imeachana na waya wake. Ikionyesha karibu na sifuri, kuna mahali nyaya mbili zimegusana. Isipoonyesha kitu chochote, kebo ikiwa ni nzima, shaka iwe juu ya jeki ya gitaa au lehemu yake. Tarakimu zikirukaruka wakati kidhibiti kinapozungushwa polepole au kebo inapotikiswa, basi kidhibiti ni kichafu au kuna lehemu isiyoshika vizuri. Pikapu ya koili mbili, ambayo Seth Lover alipewa hataza yake mwaka 1959, nayo ina ishara yake. Iliyostahili kusomeka omu 8,000 ikisomeka 4,000, koili moja imeondoka kazini. Mpigaji atakuwa ameshaisikia dalili hiyo, kwani mvumo wa umeme wa nyumba, ambao koili mbili huufuta, utakuwa umerudi.

Tarakimu, hata hivyo, hutaka kusomwa kwa akili. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya sentigredi. Pikapu iliyopimwa omu 6,000 katika chumba chenye digrii 20 itasomeka omu 6,240 hivi katika karakana ya Dar es Salaam au Mombasa yenye digrii 30. Fundi asiyelijua hilo aweza kuihukumu pikapu nzima kuwa mbovu. Pwani ina adui mwingine wa kweli, nao ni unyevuanyevu wenye chumvi, ukichanganyika na jasho la mkono. Huo hula maungio ya jeki na plagi, na ukipata upenyo huula hata waya mwembamba wa koili, hasa pale unapoungana na waya mnene wa kutokea. Mkatiko wa mahali hapo waweza kulehemiwa tena na mkono mtulivu, na pikapu ikaponea jalalani.

Ni haki pia kukiri kwamba mita ina mipaka. Mizunguko michache ya koili ikigusana kwa sababu vanishi yake imebanduka, ukinzani hupungua kidogo tu, ilhali sauti hupoteza makali yake. Sumaku iliyodhoofika haionekani katika mita hata kidogo. Na pikapu mbili zilizounganishwa kinyume, kila moja ikisikika vizuri peke yake, hutoa sauti nyembamba zikitumika pamoja, kwa kuwa umeme wa moja huufuta wa nyingine. Dawa ni kugeuza nyaya mbili za pikapu moja, ikiwa muundo wake unaruhusu. Hapa sikio ndilo lenye hukumu. Lakini sikio linalosaidiwa na vipimo huhukumu vema zaidi kuliko sikio lililoachwa peke yake. Jambo moja lisisahauliwe: kupima pikapu hakuna hatari, bali kufungua amplifaya ni jambo jingine. Ndani ya amplifaya za vali mna mamia ya volti, na umeme huo waweza kubaki hata baada ya swichi kuzimwa.

Wapo watakaosema kwamba mwanamuziki anayetakiwa jukwaani jioni hana nafasi ya masomo ya fizikia. Hoja hiyo haina uzito. Vipimo vilivyoelezwa hapa havizidi dakika 10, ambazo ni chache kuliko muda wa kufungua gitaa, kutoa pikapu na kulehemu nyingine. Tena pikapu mpya ikiungwa kwenye kidhibiti kile kile kichafu, haitaongeza sauti hata kidogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gitaa ufa aghalabu ni tone moja la lehemu.

Jambo hili lina upana kuliko gitaa. Muziki wa dansi wa Afrika Mashariki umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya magitaa ya umeme, na pikapu zake hutoka ng'ambo. Wakati huo huo wapo mafundi mitaani wanaosuka mota za umeme kwa ustadi wa kusifika. Kusuka koili ya pikapu ni kazi ya jamaa hiyo hiyo, ingawa waya ni mwembamba zaidi na mkono hutakiwa kuwa mwepesi zaidi. Kinachopungua ni mazoea ya kupima kabla ya kuanza kazi na baada ya kuimaliza, ili ijulikane koili imerudi katika hali yake au la.

Mazoea hayo yangeweza kuanzia shuleni. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kanuni ya Faraday kwa sumaku, koili na mshale unaosogea kidogo, kisha huikariri kwa ajili ya mtihani. Gitaa moja bovu na mita moja juu ya meza ya maabara vingemfundisha kanuni ile ile, na zaidi ya hapo vingemfundisha namna ya kutafuta kosa: kugawanya njia, kupima kila sehemu, na kutotamka neno "bovu" mpaka kipimo kiseme hivyo. Mwalimu asiye na gitaa na aliombe kwa bendi iliyo jirani. Pengine atalirudisha likiwa linalia.