Nguvu za Mkono Si Kipimo

Ndugu wakulima,

Kila asubuhi maziwa yako hupimwa kabla ya kupokewa. Dawa ya josho hupimwa, na mbolea pia. Basi kwa nini nati za magurudumu ya gari linalobeba maziwa hayo zikazwe kwa kubahatisha?

Najua utasema, "Mkono wangu wanitosha." Mimi nami nilisema hivyo. Desturi yangu ilikuwa kutia bomba katika mpini wa spana na kulikanyaga kwa mguu. Siku moja nilipata pancha njiani. Nati zilikataa kufunguka, boliti mbili zikakatika, na maziwa yakachacha pale pale.

Hebu tufanye hesabu. Nguvu ya kukaza hupimwa kwa newtoni-mita. Kutundika kilo 10 mwisho wa mpini wa mita 1 uliolala ni karibu newtoni-mita 100, na magari mengi madogo hutaka kama 90 hadi 120 tu. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya bomba hilo hutia karibu 700! Boliti huvutika na meno yake huharibika. Naye akazaye kidogo mno, nati zake hulegea kwa mitikisiko ya barabara, na gurudumu laweza kuchomoka.

Spana yenye kipimo huondoa ubishi. Tafuta hesabu katika kitabu cha gari lako, maana pikapu na trekta si sawa, kisha itegeshe spana kwa hesabu hiyo. Safisha meno ya boliti, wala usitie mafuta ila kitabu kikisema hivyo. Anza kwa vidole, kaza kidogo, teremsha jeki hata tairi iguse chini. Kisha kaza nati moja, halafu ile inayoielekea ng'ambo. Vuta polepole, spana ikilia "ta", acha. Baada ya kilomita 50 hadi 100 pima tena. Usiitumie kufungulia nati, na ukimaliza rudisha kipimo chini.

Wengine watasema ni ghali. Kwa mtu mmoja, ni kweli. Shauri langu ni kwamba majirani kumi wachange wanunue moja, na mmoja wao apewe kazi ya kuitunza. Kumbukeni kwamba pikapu zetu hubeba maziwa asubuhi, na jioni hubeba watoto wetu.