Mtoto wa Jicho Hatolewi kwa Programu

Juzi redioni mheshimiwa mmoja alitangaza, kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kufika huko na kurudi, kwamba muda si mrefu hatutakuwa na haja ya kusomesha wataalamu wa macho kwa miaka mingi. Akili mnemba itasoma jicho. Muuguzi yeye atabonyeza tu. Mtangazaji akashangilia. Nikazima redio.

Huko kwetu kinachopofusha watu wengi ni mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho aliyekomaa hahitaji kompyuta ili aonekane. Mmulike bibi kwa tochi, utauona weupe katikati ya mboni, na wajukuu wake walikwisha kuuona zamani. Kazi ni kumtoa: chale ndogo kandoni mwa jicho, lenzi iliyofifia itoke, ya bandia iingie, na ule utando mwembamba wa nyuma usichanike. Hiyo ni kazi ya mkono, na mkono hufundishwa.

Wenye imani hii hawachoki kuitaja Google. Ni kweli, mwaka 2016 watafiti wake walionyesha kompyuta ikisoma picha za retina za wagonjwa wa kisukari sawasawa na mabingwa. Mbona hawasimulii ya Thailand? Mwaka 2020 watafiti wa kampuni hiyohiyo waliandika kwamba mfumo wao ulipopelekwa kliniki za huko, zaidi ya picha moja kati ya tano ilikataliwa na mashine kwa kutofaa. Vyumba vingine havikuwa na giza la kutosha, intaneti ilisuasua, wauguzi wakabaki kuhangaika na foleni. Sasa mashine ikisema “sioni”, nani atatazama? Yule uliyeona hasara kumsomesha?

“Lakini kompyuta haichoki,” jamaa mmoja akanijibu, akidhani amenimaliza. Haichoki, ndiyo. Kinachochoka ni umeme. Na bando.

Tena hao wanaoihubiri akili mnemba sijawasikia wakipigia kelele matone ya steroidi yanayouzwa madukani bila cheti, mtu anajitilia miezi na miezi mpaka presha ya macho inamla mshipa wa fahamu. Hilo halina kongamano, halina fulana wala posho.

Teknolojia mpya siikatai. Ninayoitaka ipo, ila haipendezi kwenye picha za magazeti: jicho la bandia la kufanyia mazoezi, chini ya hadubini. Utafiti uitwao OLIMPICS, uliochapishwa mwaka 2021, uliwachukua madaktari waliokuwa wakisomea macho Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe. Waliopata mafunzo makali ya kuigiza upasuaji, kisha wakaingia kwa wagonjwa, walichana ule utando katika asilimia 7.8 ya upasuaji wao. Wenzao waliofundishwa kwa mtindo wa kawaida, asilimia 26.6. Yaani zaidi ya jicho moja katika kila manne, na hilo jicho lina mwenyewe.

Wakati huohuo nimemwona mwanafunzi akingoja zamu ya hadubini pekee ya mazoezi, mkononi kamfuko ka macho ya mbuzi aliyoyanunua machinjioni kwa hela yake. Kabla ya kumletea huyo programu, mnunulieni hadubini ya pili.